Boneti ya Baba Mkwe

Ukiniletea gari lenye mikwaruzo, kitu cha kwanza nitakachofanya kitakuudhi. Sitawasha mashine. Nitaliosha, nitalikausha, nitaliosha tena, kisha nitainama na tochi mchana kweupe kama mtu aliyedondosha sindano. Wateja wengine huanza kuangalia saa. Mmoja aliwahi kuniuliza kama kazi hii nimejifunza au naibahatisha. Nikamjibu kwamba gari lake nalijua kuliko yeye, na kwamba anayemwoshea kule kazini anatumia kitambaa kilekile kwa matairi na kwa boneti. Akaacha kuangalia saa, maana ni kweli.

Napiga polishi magari Chang'ombe, hapa Dodoma, kwenye kibanda cha bati chenye turubai upande unakotoka upepo. Nina mashine mbili, sponji za aina tatu, vifuniko viwili vya manyoya ya kondoo, na chupa nne za polishi. Si vingi, na sitaki viwe vingi. Nimeona mafundi wenye rafu nzima ya chupa zenye picha za magari mekundu, na ukiwauliza waanze na ipi wanashika ile yenye picha nzuri zaidi.

Uanze na ipi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Rangi ya gari imefunikwa na ngozi ngumu inayopitisha mwanga, sisi tunaiita kliya, nayo ni nyembamba kuliko karatasi. Mkwaruzo mdogo huishia humo. Kuutoa si kuufuta kama maandishi ya penseli. Unaipunguza kliya yote pale jirani mpaka ishuke ilingane na kina cha mkwaruzo. Maana yake ni kwamba kila unapopitisha mashine umeondoa kitu ambacho hakioti tena. Ndiyo maana naanza na laini: sponji laini kabisa, polishi nyepesi kabisa, sehemu ya ukubwa wa kiganja niliyoizungushia tepu ya karatasi. Ikitosha, namshukuru Mungu na kuendelea hivyohivyo gari zima. Isipotosha, nabadili polishi kwanza, sponji baadaye. Manyoya na ile polishi kali yenye chenga huwa natoa mwisho, tena kwa kusitasita. Wenzangu wengi huanza na manyoya kwa sababu yanakata upesi na mteja anafurahi kuona mambo yanakwenda. Haraka haraka haina baraka, na ukitoboa kliya ya mtu hata samahani haisaidii.

Hapa kwetu kazi haikauki, na anayetuletea ni upepo. Kiangazi kikishika, vumbi jekundu linaingia hata kwenye chai. Asubuhi utawaona madereva wa maofisini wamejipanga, kila mmoja na kitambaa kikavu, wanafuta magari kwa bidii mpaka unawahurumia. Vumbi letu ni mchanga uliosagwa. Kulifuta likiwa kavu ni kupiga msasa, ila polepole. Baada ya mwaka mmoja, gari jeusi likisimama juani linaonyesha viduara juu ya viduara kama utando wa buibui, na mwenye gari anaapa kwamba hulitunza kuliko watoto wake. Nawaambia. Hawasikii. Basi nakula.

Mkuu wa wafutaji wote wa Dodoma alikuwa baba mkwe wangu.

Yeye ni mfanyabiashara wa nafaka Majengo, mtu wa zile familia za mjini ambazo wazee wao walikuja na misafara ya biashara wakaamua kubaki. Ana gari dogo la bluu iliyokolea, na kila siku akitoka kuswali alfajiri hulifuta kwa kipande cha kanga, kikavu, kuanzia boneti hadi buti. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilijitia ujuaji nikamwambia, "Baba, hicho kitambaa kinalikwangua gari."

Hakuacha kufuta. "Na wewe unakula wapi," akaniuliza, "kama si kwenye mikwaruzo ya watu?"

Hakuipenda kazi yangu, na si kwa sababu ya uchafu. Mtu aliyeshinda maisha yake yote katikati ya magunia hawezi kuogopa uchafu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilinikera kwa kuwa haikuwa ya kijinga. Zamani aliuziwa gari linalong'aa kama yai lililochemshwa. Mvua mbili tu zikaliosha na chini yake ikatokea mikwaruzo ya kila namna. Tena alizijua hila za aina hiyo kutoka kwenye biashara yake. Kuna watu wanaoweka mahindi mazuri juu ya gunia na yaliyobunguliwa chini. Ndiyo maana hakununua gunia bila kulichoma bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochota nafaka kutoka ndani. Siku nilipopeleka posa alinisikiliza nikieleza kazi yangu, kisha akasema mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Kwa hiyo wewe unapanga mahindi mazuri juu."

Binti alinipa. Heshima ya kunywa chai naye barazani alinipa. Lakini kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuniita mkwe wake. Kwa watu alinitaja kama "baba wa wajukuu zangu", na akiwa amechoka, "yule bwana anayefuta magari". Mimi ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa, nimekuzwa kwa kuheshimu wakwe hadi kivuli chao. Nilikuwa nacheka kama nimesikia utani. Iliniuma, na iliniuma kila mara.

Na nikiri jambo, maana bila kulisema hutaelewa yaliyofuata. Ipo polishi nzito kama samli ambayo haikati kitu. Inajaza tu. Unaipaka, inaingia ndani ya mkwaruzo, inalingana na rangi, na jicho haliuoni tena. Inadumu maosho matatu hivi, kisha mkwaruzo unarudi nyumbani kwake. Wauza magari huja kuiulizia kwa sauti ya chini. Moja ya chupa zangu nne ni ya hiyo. Naitumia mteja akijua, kwa mfano gari la harusi ya Jumamosi ambalo Jumatatu litapelekwa kupakwa rangi. Kumpakia mtu asiyejua nilikuwa sijawahi, na nilijivunia hilo kimoyomoyo kila baba mkwe alipofungua mdomo.

Sasa, mama yangu, kule Mpwapwa, akaanza kupata ukungu machoni. Tukampatia miadi hospitalini Dodoma, siku ya Jumatatu. Magoti yake hayataki tena ngazi za basi, na gari mimi sina. Ndiyo, napiga polishi magari na gari sina, umeshacheka, tuendelee. Mke wangu akaenda kumwomba baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa anaondoka na lori kwenda Kibaigwa kununua mahindi, arudi Jumapili. Ijumaa asubuhi akaniita, akaniwekea funguo mkononi, akazishikilia kidogo kabla hajaziachia.

"Nimempa mama yako, sikukupa wewe," akasema. "Linaondoka hivi, lirudi hivi."

"Sawa, baba."

Nikaliendesha hadi Mpwapwa kama nimebeba trei ya mayai. Nyumbani kwa mama ni nje kidogo ya mji. Nilifika jua la utosi, na hapo ndipo ujuzi wangu uliponiponza. Dereva mwingine yeyote angeliacha gari uwanjani mbele ya nyumba akaingia kula. Lakini mimi nawahubiria watu kutwa kwamba jua linachosha rangi, usiache boneti ikaungua. Nikatafuta kivuli. Nikakiona chini ya mgunga, kizuri, kipana, nikalirudisha gari taratibu mpaka likaingia lote. Nilisimama kando nikaliangalia na kujisifu.

Mama alikuwa ameshapika ugali wa uwele na mlenda. Akanipokea kwa "mbukwenyi" zake, salamu ya Kigogo, akaniuliza habari za kila mtu mmoja mmoja, tukakaa ndani kula. Katikati ya kula tukasikia kwato zinagonga bati.

"Mbuzi hao," mama akasema. "Wamepanda tena banda la kuku."

"Waache wacheze," nikasema, nikakata tonge jingine.

Banda la kuku la mama limeezekwa kwa nyasi. Hilo nililikumbuka tonge likiwa nusu ya safari kwenda mdomoni. Kiangazi, mgunga huangusha maganda yake makavu yenye mbegu, na hakuna kitu mbuzi anapenda kama maganda hayo. Yaliyoanguka yakiisha anatafuta yaliyobaki juu. Akipata pa kupandia, anapanda. Mimi mtoto wa Mgogo, niliyechunga mbuzi hadi darasa la saba, nilikuwa nimewaletea ngazi ya bluu iliyokolea.

Nilitoka nikakuta watatu kwenye boneti na mmoja juu ya paa. Beberu alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu, anatafuna kwa utulivu kabisa. Ningekuwa na akili ningewaita taratibu. Nikapiga kelele. Wale wengine waliruka. Beberu aliteleza boneti nzima, kutoka kwenye kioo hadi mbele, na ukwato mmoja aliukaza kama breki. Nilitoa maneno ambayo mama hakujua kwamba nayajua. Yeye alisimama mlangoni na kusema kwa unyonge, "Macho yangu haya, mwanangu. Ningekuwa naona, ningekwambia."

Jumamosi asubuhi, mama akiwa amelala nyumbani kwangu, gari lilikuwa kibandani na mimi nimeinama. Mikwaruzo ilikuwa mingi ila myepesi, alama za kwato na za mchanga uliokuwa kwenye kwato. Sikuogopa. Nasema kweli, sikuogopa hata kidogo. Hii ni kazi yangu, na hapa mjini sijaona anayenizidi. Nikazungushia tepu kiganja kimoja cha boneti, sponji laini, polishi nyepesi, mashine mwendo wa pole. Nikafuta, nikamulika. Viduara vya kanga viliondoka, alama za kwato zilibaki zimefifia. Nikaacha sponji ileile, nikabadili polishi nikachukua ya kati. Nikamulika tena. Safi. Nikatabasamu peke yangu. Kufikia saa nne boneti yote na paa vilikuwa vimemalizika, isipokuwa mstari mmoja wa beberu, urefu wa kiganja na nusu. Huo niliupitisha ukucha, na ukucha ukanasa. Nikauacha kwanza.

Mke wangu akaja na chai na vitumbua. Alilizunguka gari, akaweka mkono kiunoni, akacheka.

"Umemvalisha baba kofia mpya na kanzu kuukuu."

Kweli. Boneti ilikuwa na kina, unaona mawingu ndani yake. Milango na fenda vilikuwa vimepauka kwa utando wa miaka yote ya kufutwa kwa kanga. Mzee angeona kutoka upande wa pili wa barabara. Nilivyotaka kuficha mbuzi, nilikuwa nimeandika mahali pa kutazama. Hakukuwa na njia isipokuwa kulifanya gari zima. Nilijiambia kwamba ni zawadi kwa mzee. Haikuwa zawadi, ilikuwa woga, ila woga nao ukiushika vizuri unafanya kazi nzuri. Nilikwenda mlango kwa mlango, sponji nikizibadilisha na kuzipiga brashi ili chenga za zamani zisirudi kwenye rangi, turubai nimelishusha kuzuia upepo. Alasiri gari lilikuwa zuri kuliko siku lilipotoka bandarini.

Na mstari wa beberu ulikuwa palepale.

Nikafunga manyoya kwenye mashine. Nikatia polishi kali. Nikaishusha mashine mpaka ikakaribia kugusa, kidole kwenye swichi, na nikajisikia nikijihubiria mahubiri yangu mwenyewe. Mkwaruzo unaonasa ukucha umekaribia kuvuka kliya, kama haujavuka. Ningeufuata hadi mwisho wake ningetokea kwenye rangi yenyewe, baadaye kwenye bati, na boneti ya mzee ingekuwa na doa jeupe la ukubwa wa sahani. Nikayafungua manyoya nikayaweka chini.

Kisha nikachukua ile chupa nzito.

Sikuifikiria sana, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Tone moja kwenye kitambaa, nikapaka kwa kidole, nikasubiri ikauke, nikafuta. Mstari haukuwepo. Nilimulika kutoka kushoto, nikamulika kutoka kulia. Haukuwepo. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyesamehewa.

Mke wangu alirudi kuchukua chupa ya chai. Akainama pale mstari ulipokuwa.

"Doa limetoka?"

"Limetoka."

Uso wake uliwaka. Akanishika bega. "Kesho baba akifika nitamwonyesha mwenyewe. Nitamwambia, miaka yote unamsema mume wangu anaficha. Haya, tafuta alichoficha!"

Akaondoka anaimba. Mimi nikabaki nimeshika kitambaa. Nimewahi kuaibika mbele ya watu, lakini aibu ile ya kuwa peke yangu na gari sikuwahi kuionja. Miaka kumi na miwili nilikuwa namlaumu mzee kwa kunionea. Siku moja tu niliyokuwa na sababu ya kuficha, nilificha, tena mtu wa kwanza niliyemdanganya alikuwa yule pekee aliyekuwa akinitetea kwa baba yake. Mahindi mazuri yalikuwa juu. Mzee alikuwa hajanionea, alikuwa ametangulia tu kusema.

Nikachukua spiriti, nikasugua. Mstari ukarudi, mweupe, mwembamba, umekaa kwenye bluu ile kama uzi kwenye koti la Idi. Nikamfuata mke wangu jikoni nikamwambia. Hakuimba tena jioni ile, lakini hakunigombeza. "Mwambie wewe mwenyewe," alisema, "na umwambie kabla hajauona."

Jumapili mzee alishuka kwenye lori na vumbi la Kibaigwa hadi kwenye nyusi. Nilimpokea getini kwake, gari nimelileta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Baba, gari lilipandwa na mbuzi. Mimi ndiye niliyeliweka chini ya mgunga."

Alinitazama kwanza usoni, kisha miguuni, kama anayekadiria gunia. Halafu akalizunguka gari mzunguko mmoja, wa pili. Nilijua ameuona mng'aro, na nilijua haufurahii. Alipofika kwenye mstari alisimama, akaupitisha ukucha. Ukanasa.

"Nilikwambia lirudi hivi."

"Uliniambia, baba."

"Hili doa?"

"Halitoki. Nikilazimisha litatoka pamoja na rangi. Linataka fundi rangi apulizie boneti upya, na hiyo ni juu yangu."

"Na mengine ya hao mbuzi?"

"Yametoka."

"Yametoka, au yamelala?"

"Yametoka, baba."

Aliingia ndani akarudi na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya unga na kitambaa. Akakunja mikono ya kanzu. Akachagua mwenyewe sehemu ya boneti, mbali na mstari, akasugua kwa nguvu zake zote, akasuuza, akasugua tena. Roho yangu ilikuwa inalia kwa ajili ya kliya. Majirani walikuwa wanaangalia. Akasimama juani akisubiri pakauke, mikono nyuma, na mimi nikasimama pembeni yake nikisubiri pia. Pakakauka. Hakuna kilichotokea. Alihamia paa, akafanya vilevile. Hakuna kilichotokea.

"Hebu funguo," akasema.

Nikampa. Nikataja tena habari ya fundi rangi.

"Acha lilivyo," akasema. "Kila nikiliona nitakumbuka kutoazima watu gari."

Chakula cha mchana alikula bila kunisemesha. Jumatatu mama alikwenda hospitalini kwa bajaji, akapewa dawa, akalalamika zaidi kuhusu bajaji kuliko macho. Mimi nikarudi kazini. Nilijua nimefanya lililo sawa na nilijua pia nimepoteza, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Zikapita wiki mbili hivi. Asubuhi moja ikasimama pikapu nyeupe mbele ya kibanda, akashuka mtu mnene nisiyemfahamu, muuza alizeti wa Majengo. Mlango wa pikapu ulikuwa umekwaruzwa na kitu kama geti. Aliniuliza kama mimi ndiye mpiga polishi wa Chang'ombe. Nikasema ndiye.

"Mzee wa nafaka kanielekeza," akasema. "Kasema, nenda kwa mkwe wangu. Akikwambia linatoka, linatoka. Akikwambia halitoki, usijisumbue kwenda kwa mwingine."

Nikamwomba arudie. Akadhani sikusikia mwisho, akarudia kwa sauti ya juu: halitoki, usijisumbue.

"Hapana," nikamwambia. "Pale mwanzo."

Alinishangaa. "Kasema, nenda kwa mkwe wangu."

Nikamwambia mkwaruzo wa mlango wake utatoka wote, nikajifanya naenda kutafuta sponji, nikasimama nyuma ya turubai mpaka nilipoweza kurudi mbele ya mteja.